Rangi Nyekundu Ilipovuka Mpaka

Hapo zamani za juzi tu, na sogeeni karibu maana hadithi hii hata mimi inanitisha, palikuwa na mshonaji aitwaye Nyamizi. Jicho la kushoto lilipofuka utotoni kwa surua. La kulia ndilo lililomlisha. Basi nyuma ya hilo hilo akapata uvimbe, na hospitali wakasema watauchoma kwa mionzi.

Kwanza uvimbe hutiwa rangi kwenye kompyuta. Picha ya kichwa hukatwa vipande vipande kama mkate. Daktari anabofya uvimbe, na rangi nyekundu inajisambaza yenyewe katika vipande vyote. Palipo pekundu, mashine inachoma. Haiulizi.

Daktari Shigela akabofya. Akatazama vipande vya mwanzo, akaona viko sawa. Foleni nje imejaa. Akabonyeza "Kubali".

Kumbe katika vipande vya chini kabisa rangi ilikuwa imevuja hadi kwenye neva ya jicho, mshipa wa kuonea. Kalunde, fundi wa mashine, aliiona. Lakini pale ilikuwa mwiko kumsemesha daktari akiwa ameshika kipanya cha kompyuta. Kalunde akakohoa. Daktari akasema, "Pole." Kalunde akanyamaza.

Nyamizi akafungwa barakoa ya kushikilia kichwa kisitikisike, mlango mzito ukafungwa, akabaki peke yake na mngurumo. Uvimbe ukafa. Baada ya miezi, jicho nalo likafa.

Daktari, fundi na mtengeneza programu wakaenda kwake kumwomba radhi.

Daktari akasema, "Mama, mimi nilibofya penye uvimbe. Programu ndiyo iliyovuka mpaka."

Lutufyo, aliyeitengeneza programu, akaruka: "Niliweka onyo la kengele! Nyinyi madaktari mkalalamika linawakera. Nikaliacha kwa herufi ndogo pembeni, kama mlivyotaka."

Kalunde alikuwa analia. "Mimi niliona, mama. Ila mwenzangu aliyewahi kusema alihamishwa siku hiyo hiyo. Nina watoto."

"Ungesema tu!" Daktari akafoka.

"Ungenisikiliza?"

Nyamizi aligeuza uso kila sauti ilikotokea.

"Wanangu," akasema, "najua mnanyoosheana vidole. Mimi vidole sivioni. Nitajieni jina."



Haya, nyinyi mnaoona, mjibuni mama wa watu: jicho lake liko shingoni mwa nani?