Toa Mkia, Uchukue Pikipiki

Hapo zamani, si zile za babu, ni zamani hizi za simu za kubonyeza, palikuwa na kijiji juu milimani kikiitwa Mtakuja, na chini yake mji wa Lugombo. Katikati njia ya mawe, na mto wenye daraja la miti. Mgonjwa wa Mtakuja akizidiwa alibebwa na wanaume juu ya kitanda cha kamba mpaka mjini. Wengine, Mungu awarehemu, walirudishwa njiani, kwa kuwa hapakuwa tena na haja ya kwenda mbele.

Basi watu wa Mtakuja wakachanga. Mwenye kuku akauza kuku, mwenye maharage akauza maharage. Shomari mrina asali, ambaye hakuwa na kitu, akatoa mbuzi wake wa pekee. Wakanunua pikipiki moja nyekundu, wakaifunga nyuma kiti chenye egemeo ili mgonjwa aegame. Pikipiki ya wagonjwa. Ufunguo akakabidhiwa Mrisho, kijana mpole, fundi wa njia mbaya, naye akaapa msikitini mbele ya watu kwamba haitabeba biashara, na kwamba haitasikia adhana ya alasiri ikiwa mjini.

Ijumaa moja Mrisho akateremka mjini kununua tyubu, maana ya nyuma ilikuwa imejaa viraka. Hiyo ruhusa alikuwa nayo. Huko nyuma Mwajabu, mke wa Shomari, alikuwa na mimba pevu, na wanawake walikuwa wamemwambia Mrisho, "Nenda urudi, baba. Huyu hana siku."

Mjini Lugombo pikipiki huegeshwa kwa Bi Kidawa, kwenye kiwanja chake nyuma ya soko. Bi Kidawa alikuwa mzee, macho yameingia ukungu, anaona kivuli cha mtu, sura haoni. Kusoma hakujua, tiketi hakuwa nazo. Ukileta chombo chako, unampa sarafu, naye anaweka kiganja juu ya tangi na kukupa kichwa cha methali. Wewe unamjibu mkia, asikie sauti yako, kisha unakwenda zako. Ukirudi anakupa kichwa kilekile, unatoa mkia, unachukua pikipiki.

"Kichwa nakaa nacho mimi, mkia unaondoka nao wewe," alikuwa akisema. "Mwizi ataiba chuma. Sauti ya mtu ataiibaje?"

Watu walidhani mlinzi ni methali. Mlinzi lilikuwa sikio. Ufunguo wa kila pikipiki ulibaki palepale, bibi apate kuzisogeza, na haikupata kupotea hata moja.

"Shikamoo, Bi Mkubwa," Mrisho akasema, akampa sarafu yake.

"Marahaba. Hii ndiyo ile ya kiti?" Akapapasa egemeo, akaweka kiganja kwenye tangi. "Haya. Mkono mmoja?"

Mrisho akacheka. "Ah, Bi Mkubwa! Hiyo nani asiyeijua?" Akaondoka.

"Wewe! Mkia!" Bi Kidawa akaita. Lakini kijana ameshavuka barabara, na sarafu ilikwisha ingia kibindoni. Bi Kidawa akarudi kwenye gogo lake.

Tyubu ilipatikana upesi. Tatizo halikuwa tyubu. Nje ya duka la vipuri palikuwa na ubao wa drafti, na fundi baiskeli mmoja mwenye mdomo mrefu kuliko pampu yake.

"Mtu wa milimani!" fundi akamwita. "Njoo nikufunge moja, ukawasimulie nyani wenzako."

Ndugu zangu, kiburi hakihitaji shamba, huota hata juu ya benchi. Mrisho akaketi. Akafungwa moja. Akataka kulipiza. Akalipiza, fundi naye akataka kulipiza. Adhana ya Ijumaa ikalia, watu wakainuka, madereva wa bodaboda wakaacha vijiwe vyao wakaenda kusali, mji ukawa kimya. Mrisho akasema, "Nitawahi." Akasogeza kete.

Simu ikalia. Alikuwa Shomari.

"Mrisho, uko wapi? Mwajabu ameshikwa na uchungu tangu asubuhi, mtoto hatoki. Mkunga anasema ni hospitali tu. Tumtie kitandani tuanze kumbeba, au tukusubiri?"

Mrisho akautazama ubao, akaona haya. Akasema lile neno ambalo kila mmoja wetu amelisema akiwa ameketi: "Niko njiani."

"Uko njiani? Alhamdulillahi. Basi tunakusubiri."

Mrisho akakimbia hadi kiwanjani. "Bi Mkubwa, upesi! Nipe kichwa!"

Bi Kidawa alikuwa amekaa juu ya gogo lake, mikono mapajani. Akasema taratibu, "Mkono mmoja?"

"Haulei mwana!"

Bi Kidawa hakuinuka. "Mwanangu," akasema, "mtu amekwisha kuja. Nikampa kichwa hicho, akanijibu, 'Hauchinji ng'ombe.' Na huo nao ni mkia. Amekwenda nayo."

Mrisho akatazama mahali alipoacha pikipiki. Palikuwa na doa la oili na alama ya tairi. Akaiona Mtakuja yote, mwenye kuku na mwenye maharage na Shomari na mbuzi wake, wamemzunguka wanamwuliza neno moja: iko wapi?

Simu ikalia. "Mrisho, umefika wapi?"

"Nimefika darajani."

Akakimbia sokoni, akakimbia stendi, akakimbia gereji, anauliza pikipiki nyekundu yenye egemeo. Hakuna aliyeiona. Bodaboda walikuwa wametoka kusali, mmoja akamwita, "Twende, kaka, nikupeleke." Mrisho akafungua mdomo ataje Mtakuja, ulimi ukagoma. Angefika na bodaboda ya kukodi wangesema nini? Wangesema ameiuza. Akatikisa kichwa. Ile bodaboda, jamani, ingeweza kwenda kumchukua Mwajabu. Yeye alikuwa akiwaza atakavyoonekana.

Simu ikalia tena. Sauti ya Shomari ilikuwa imepungua. "Mrisho, mbona hatukusikii mlimani? Anaishiwa nguvu. Nimbebe?"

"Nimeshavuka. Tulieni hapo hapo, tusije tukapishana."

Ilipolia mara nyingine Mrisho aliishika kama ashikavyo mtu kaa la moto, akabonyeza ikazimika. Akaketi chini kando ya Bi Kidawa. Adhana ya alasiri ikalia, na ilimpata mjini, bila pikipiki, na kiapo chake kimevunjika.

Baada ya alasiri ukasikika mlio. Ilikuwa ile nyekundu, na juu yake mtu mzima mwenye buti za machinjioni na shati lenye damu kavu. Jina lake Masunga, mchuna ngozi. Akashuka, akapiga magoti vumbini.

"Nani mwenyewe?" akauliza. "Nimeirudisha. Binti yangu Nyamizi ameumwa na nyoka, kifutu, uani kwetu. Nilimbeba mkono huu, mkono huu napunga, barabara nzima hakuna bodaboda, wote msikitini. Nikaingia hapa nikashika ya kwanza niliyoiona. Mama akaniuliza, 'Mkono mmoja?' Miye mtu wa machinjioni, likanitoka la kazini kwangu. Mtoto yu hai. Amefumbua macho sasa hivi tu."

Mrisho alitaka kumpiga, mkono haukunyanyuka. Akasema tu, "Twende." Bi Kidawa akasema, "Na mimi." Wakapanda mshikaki, Mrisho mbele, bibi katikati, Masunga nyuma kwenye kiti cha wagonjwa, wakaupanda mlima jua likizama. Kila jiwe walilolikanyaga Mrisho aliomba, "Ya Rabi, nisikute kilio." Wakafika. Hapakuwa na kilio. Watu walikuwa wamekaa kimya nje ya nyumba ya Shomari, na kimya kile kilimtisha kuliko kilio.

Mwajabu alipona. Kitanda cha kamba kilikuwa kimeegemezwa ukutani, kimetandikwa shuka, hakikutumika. Mtoto alikuwa wa kike, na hakulia. Mkunga alisema, "Tungeondoka simu ya kwanza, mama angefika hospitali na mtoto angekuwa hai."

Mtoto alizikwa asubuhi. Watu walipotawanyika, watatu wale wakabaki mlangoni kwa Shomari, kila mmoja akimsukuma mwenzake kwa mabega.

"Tangulia wewe, ndiwe wa kwao," Masunga akanong'ona.

"Nitangulie miye, uliyeiba ni wewe!"

"Uliyesema uko darajani ni nani?"

"Nyamazeni," Bi Kidawa akasema. "Mtu anatoka."

Shomari akatoka, udongo wa kaburi ungali kwenye kucha zake. Akasimama kizingitini, mkono wa kushoto ameshika mwimo wa mlango kama mtu asiyeamini miguu yake. Akawatazama mmoja mmoja.

"Sikulala," akasema. "Nimemwomba Mungu anipe moyo wa kusamehe, maana chuki hii itaniua, na nina mke wa kumtunza. Amenipa. Lakini nimeupima moyo wangu, unatosha mtu mmoja. Nikisema nimewasamehe watatu nitakuwa mwongo mbele Yake, na uongo umeshatuzikia mtoto. Semeni."

Bi Kidawa ndiye aliyeanza.

"Baba, mimi nilichukua sarafu ya kulinda na sikulinda. Tena nikuambie lililofichika. Sauti ile niliijua kwamba si ya Mrisho, nilikuwa nimekisikia kicheko chake. Na kiti nilikipapasa, nilijua ni chombo cha wagonjwa wenu. Lakini nilimsikia mtoto anakoroma kifuani mwa baba yake, nikajisemea, methali imetimia, Kidawa huna kosa. Nilijificha nyuma ya methali. Ila hapa kwenu hakuna aliyenijua. Ningekaa juu ya gogo langu, nani angenifuata? Nimekuja mwenyewe, na macho haya."

Masunga akavua kofia.

"Mimi nilichukua kisicho changu, na kuomba sikuomba. Nilipokiona kile kiti nilijua ni cha mgonjwa, nikasema, hata huyu ni mgonjwa. Hapo sijutii, bwana, nisikudanganye. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ninalojutia ni jingine. Nyamizi alipopokewa na daktari, ningeweza kuirudisha saa ileile. Hospitali na soko ni jirani. Nikaogopa kwamba nikimwachia mkono atakufa. Nikakaa. Mbuzi wako, niliyesimuliwa njiani, amemwokoa mwanangu. Mimi ndiye niliyekula sadaka yako, na mwenye kula ndiye apaswaye kushukuru. Nipe mimi, nikashukuru kwa miaka yangu yote."

Akabaki Mrisho. Usiku kucha alikuwa amejipangia la kusema: kwamba alilipa, kwamba alirudi na mkia uliokuwa sahihi, kwamba hakuiba wala hakuibiwa kwa kupenda. Sasa yote yakamtoka kichwani, likabaki moja.

"Nilikuwa nacheza drafti," akasema. "Uliponipigia mara ya kwanza nilikuwa nimekaa, Shomari. Mara ya pili nilikuwa nimesimama kiwanjani kwa Bi Kidawa. Mara ya tatu nilikuambia msimbebe, nikijua sina cha kumbebea. Niliogopa. Sikumwogopa Mungu, nilikuogopeni nyinyi. Wao walikuchukulia pikipiki. Mimi nilikuchukulia hata kitanda. Sistahili. Lakini hawa watashuka mlimani kwao, na mimi nitaishi hapa, nitapita mlangoni kwako kila siku, nitasimama nawe safu moja msikitini. Asiyestahili ndiye mwenye njaa. Ukininyima wewe, nitakwenda kuombea wapi?"

Ndani ya nyumba Mwajabu alikohoa. Shomari akageuza uso kidogo, akakisikiliza kile kikohozi mpaka kikaisha. Hakuuachia mwimo wa mlango. Akanyoosha mkono wa kulia, ule wenye udongo, ukabaki hewani mbele yao.

Bi Kidawa hakuuona, alihisi kivuli chake tu. Lakini mazoea ni mazoea, kikamtoka kinywani kabla hajakizuia:

"Mkono mmoja..."

Wala hakuna aliyethubutu kutoa mkia.

Haya, nyie mnaonisikiliza, nami kichwa ndicho nilichonacho, mkia mnao nyinyi. Mkono wa Shomari umenyooshwa, nao ni wa mtu mmoja tu. Kuna bibi aliyejua akaacha, kuna baba aliyechukua akachelewa kurudisha, kuna kijana aliyesema yuko njiani naye amekaa. Je, nani alistahili kuushika?