Fahali wa Nadhiri na Mtungi wa Tusekile

Wametuhadithia wazee wa kanisa waliotutangulia, Mola awape pumziko la milele, nami nakipokeza kama nilivyokipokea, kisa cha waja wawili wa kijiji cha Masebelo, kule kwenye milima ya kusini, waliomcha Mungu kila mmoja kwa namna yake. Wa kwanza alikuwa Mzee Ambokile, mzee wa kanisa, mtu wa ng'ombe wengi na sala ndefu. Wa pili alikuwa mama mmoja mfinyanzi, jina lake Tusekile, aliyelisha watoto wanne kwa vyungu na mitungi, na ambaye sala zake zilikuwa fupi kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi.

Nitasimulia kwa hasira, nanyi mtanisamehe. Nimeshakisimulia kisa hiki kwa upole mara nyingi, watu wakaitikia amina, wakatoka nje wakaenda kutenda yale yale.

Ilikuwa desturi ya Wakristo wale wa kwanza kwamba kila mwaka, siku ya Sikukuu ya Mavuno, kila nyumba ilileta madhabahuni sehemu ya kile ambacho mikono yake imezalisha. Walikuja wakiimba na kucheza, maana kwao kutoa kulikuwa ni kumsifu Mungu, wala hakukuwa kodi. Mtoaji aliweka mkono wake juu ya alicholeta, akatamka mbele ya watu wote, "Bwana, ninakupa kilicho kizima." Ndipo sadaka ikapokelewa. Mwenye kuku mgonjwa alibaki naye nyumbani. Wafinyanzi nao walipeana zamu ya kuleta mtungi mpya, na ndani ya mtungi huo yaliwekwa maji ya ubatizo siku ile ile na mwaka mzima uliofuata.

Sasa sikilizeni jambo alilolitenda mzee wetu. Miezi minane kabla ya sikukuu, Ambokile alisimama kanisani akaweka nadhiri kwamba safari hii angemtolea Bwana fahali, tena fahali ambaye mfano wake haujaonekana katika Masebelo. Watu wakapiga vigelegele. Kesho yake akaenda mtoni na watu wake, wakachimbia nguzo, wakazungushia uzio ukingo wote wenye majani mabichi, ili fahali wa nadhiri apate malisho yasiyoguswa na mnyama mwingine. Na ukingo huo, ndugu zangu, ndio uliokuwa na udongo. Bibi zao akina Tusekile walichimba udongo pale tangu kabla Injili haijafika. Hapakuwa na udongo mwingine wa kufinyangia karibu.

Wanawake watano wafinyanzi wakaenda kwake kwa adabu, wakapiga magoti kama ilivyokuwa desturi mbele ya wakubwa. Tusekile ndiye aliyewasemea.

"Baba, tunaomba utuachie hata mwanya mdogo tu. Tutachimba asubuhi na kuondoka. Ng'ombe wako hatutamgusa."

"Si ng'ombe wangu," akajibu Ambokile. "Ni wa Bwana. Mashimo yenu yatamvunja mguu. Mnataka kumnyima Mungu sadaka yake kwa ajili ya udongo?"

Mnaona hila hiyo? Angesema ni ng'ombe wake, wangemjibu. Angesema anautaka ukingo kwa tamaa yake, wangemshtaki kwa wazee wenzake. Lakini alimtanguliza Mungu mbele kama ngao, na nani atapigana na Mungu? Wanawake wale waliinuka, wakajipangusa vumbi magotini, wakaenda zao. Na kinachonichoma zaidi ni kwamba Ambokile hakuwa mnafiki wa makusudi. Aliamini kabisa alichokisema. Usiku alilala usingizi mzuri.

Tangu hapo Tusekile alitembea mwendo wa siku nzima kufuata udongo mbali, nao ulikuwa udongo wenye mchanga, usioshikana. Akifinyanga vyungu kumi, sita vilipasuka motoni. Watoto wake walianza kula mlo mmoja. Mwaka huo zamu ya mtungi wa ubatizo ilikuwa yake, na kila mtungi alioufinyanga kwa ajili ya Bwana ulipasuka. Wa mwisho aliutoa kwenye majivu siku tatu kabla ya sikukuu. Ulikuwa mzuri wa umbo, lakini alipougonga kwa kifundo cha kidole haukulia. Mtungi mzima ukigongwa hulia. Huu ulitoa sauti ya kufa, na alipouchunguza akauona ufa mwembamba chini ya shingo.

Hapo hasira ikamzidi. Akasema kwa sauti, peke yake uani, "Kama Mungu anapenda nyama ya Ambokile kuliko jasho letu, basi naye anywee cha ufa."

Akachukua nta ya nyuki, akaiyeyusha pamoja na utomvu, akaupaka ule ufa. Akapitisha masizi juu yake, akasugua mpaka hata mfinyanzi mwenzake asingeuona. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakusema uzibe kwa nta. Kila mfinyanzi wa kule aliijua hila hiyo, na hakuna aliyekubali kwamba aliwahi kuitumia, kwa sababu mfinyanzi anayejulikana kwa nta hana mteja tena. Nani atapikia chungu asichokiamini?

Siku ya Sikukuu ya Mavuno ikafika. Ambokile aliingia uwanja wa kanisa akimwongoza fahali wake, naye kwa kweli alikuwa mnyama wa kutazamwa, mgongo wake unang'aa kama umepakwa siagi. Wanawake walipiga vigelegele, vijana wakaruka, na wengi walikuwa tayari wanaiwazia nyama ya jioni. Akaweka mkono juu ya nundu ya mnyama akatamka, "Bwana, ninakupa kilicho kizima." Watu wote wakaitikia amina.

Kisha ikafika zamu ya mtungi. Tusekile alitoka na mtungi kichwani, akautua mbele ya madhabahu. Mwalimu Asegelile, aliyekuwa mchungaji wa kundi lile dogo, alikuwa amekwisha kusimama na watoto saba wa kubatizwa. Tusekile akaweka mkono juu ya mtungi. Akafungua kinywa. Kidole chake kikapapasa penye nta.

Watu wakangoja. Mtoto mmoja akalia, akanyonyeshwa, akanyamaza.

"Sema, mama," Mwalimu Asegelile akamhimiza kwa upole.

"Siwezi, mwalimu. Huu si mzima. Una ufa chini ya shingo, nimeuziba kwa nta. Nilifanya hivyo kwa hasira, nikijua."

Mnafahamu alichokifanya mwanamke huyu? Kwa maneno hayo alitupa riziki ya watoto wake mbele ya kijiji kizima. Wenzake wanne wafinyanzi walishika vichwa. Naye hakuishia hapo, maana hasira bado ilikuwa haijaisha, na mimi nasema heri hasira inayosema kweli kuliko upole unaoficha.

Akageuka akamtazama Ambokile. "Baba, na wewe sema. Fahali ni mzima, sikatai. Lakini amenenepa juu ya udongo wetu. Watoto wangu wanalala na njaa ili mnyama huyu ang'ae. Mimi nimemletea Mungu ufa, nakubali, naurudisha. Wewe umemletea nini?"

Akaunyanyua mtungi, akautoa nje, akaupiga chini. Vigae vikatawanyika mlangoni.

"Mwanamke huyu anaharibu ibada!" Ambokile akapaza sauti. "Anajivunia dhambi yake na kutaka kunichafua! Mwalimu, mtoe nje."

Mwalimu Asegelile alikuwa mtu mwembamba na mpole, aliyekula mara nyingi kwa hisani ya Ambokile. Lakini alikuwa mcha Mungu, akauliza.

"Mzee wangu, wale akina mama walikupa ukingo ule, au uliuchukua?"

"Niliuchukua kwa ajili ya Bwana."

"Bwana ndiye aliyekutuma?"

Ambokile akaivuta kamba ya fahali karibu naye.

"Basi mrudishe fahali nyumbani," akasema mwalimu. "Patana kwanza na akina mama hawa. Ukishapatana nao, mlete, nasi tutampokea kwa nyimbo."

Kanisa likaguna. Msidhani liligunia haki! Liligunia nyama. "Mnarudisha ng'ombe kwa ajili ya kigae?" akasema mmoja. Mwingine akasema mama huyu angenyamaza tu, jambo lenyewe lingepita. Ambokile aliifungua kamba, akaondoka na fahali wake bila kuaga. Watoto saba walibatizwa kwa maji ya kwenye kibuyu, na jioni hiyo Masebelo ilikula ndizi na maharage, huku kila mmoja amemnunia Tusekile.

Adhabu yake ilianza Jumatatu. Sokoni watu waliinua vyungu vyake, wakavigonga mara tatu, wakakwaruza kwa kucha wakitafuta nta, wakavirudisha chini. Wafinyanzi wenzake nao waligongewa na kukwaruziwa, wakamjia juu. "Umetuvunjia riziki sote," wakamwambia, nao hawakusema uongo. Tusekile hakujitetea. Kila siku ya soko alipanga vyombo vyake mafungu mawili, akisema bila kuulizwa, "Hivi ni vizima. Hivi vina ufa, vinafaa kwa nafaka tu." Watu walipita. Alisubiri hivyo wiki tisa.

Uzio ulibaki pale pale. Na wanaodhani waja wema husamehe upesi kama watu wa picha, wasikie sala yake ya siku hizo, aliyomsimulia binti yake alipozeeka. "Bwana, sitaki kumsamehe mtu huyu. Ukitaka nimsamehe, utabidi unitie hamu hiyo Wewe mwenyewe, maana mimi sina." Aliomba hivyo kila asubuhi, kisha akaenda kufuata udongo wake wa mbali.

Ambokile naye alikuwa na ng'ombe asiyejua pa kumpeleka. Kumchinja aliogopa, kwa sababu ni wa nadhiri. Kumuuza aliona haya. Mwisho akamswaga mpaka kanisa la ng'ambo ya mto, akawaambia amewaletea sadaka. Mchungaji wa huko alimzunguka fahali mara mbili, akamsifia, kisha akauliza, "Kwani kwenu hakuna kanisa, mzee?" Ambokile akamgeuza fahali. Akarudi na mnyama wake njia nzima, watu wakimtazama kutoka mashambani. Wazee walisema kwamba njiani alikaa chini penye ule uzio muda mrefu, fahali akila majani pembeni yake, na kwa mara ya kwanza akayaona mashimo ya kale ya wafinyanzi, yamekauka na kuota magugu.

Jumapili iliyofuata ibada ilikuwa imeanza, mara akaingia Mzee Ambokile. Hakuwa na fahali. Begani alibeba nguzo ya uzio, ncha yake bado ina tope la mtoni. Akailaza mbele ya madhabahu, akaweka mkono juu yake. Hakutamka yale maneno ya desturi.

"Nilimwibia Mungu kwa jina lake," akasema. "Niliwaibia hawa mama zangu. Tusekile, nimekukosea wewe na watoto wako."

Kanisa zima likamgeukia Tusekile. Aliinuka mahali alipokuwa ameketi.

"Nimekusikia, baba. Lakini sitakudanganya hapa mbele ya Bwana. Hasira bado ninayo. Nivumilie."

"Nitavumilia," akasema Ambokile, akatoka nje.

Akarudi na nguzo ya pili. Akatoka tena, akarudi na ya tatu. Alikuwa amezing'oa zote alfajiri na kuzikokota mpaka nje ya kanisa, nguzo arobaini na zaidi, na yeye alikuwa mtu mzima wa mvi. Vijana walipoinuka kumsaidia, Mwalimu Asegelile aliwaketisha kwa mkono. Watu wakaimba wakimngoja. Nyimbo zikaisha, wakazirudia. Kufikia nguzo ya ishirini mzee alikuwa anahema, na damu ilimtoka kiganjani.

Ndipo Tusekile akatoka nje. Uso wake ulikuwa umekunjamana, hakumwangalia mzee. Akainama, akashika ncha ya pili ya nguzo, wakaibeba pamoja mpaka ndani. Wakarudi kuchukua nyingine. Wakafanya hivyo mpaka zikaisha, na wazee wetu walisema kwamba wimbo ulioimbwa saa ile haujapata kuimbwa tena kwa nguvu ile katika Masebelo.

Ndugu zangu, sina mengi ya kuongeza. Tunaimba vizuri siku hizi, tunacheza mpaka mbele na sadaka zetu, na kila mtu anataka kujua ni nani aliyeleta kubwa. Ukibeba chako kesho kutwa, jiulize kama yuko anayelia kwa sababu ya hicho ulichokibeba. Kama yuko, kiache papo hapo mlangoni, umwendee. Usiogope kuchelewa. Mungu hana njaa.