Nyayo Alizochukua Mhanga

Nitoe, nisitoe?

Toa, tupokee!

Nyepesi au nzito?

Nzito!

Basi sogeeni karibu, maana hii ni nzito kweli.

Hapo kale, kale sana, palikuwa na kijiji mlimani, kule ambako ukungu hushuka hata saa sita mchana. Nakundwa aliishi huko na mama yake na kaka yake, Senkondo. Vijana wa kijiji, pamoja na hao wawili, walikuwa kumi na mmoja. Wote walikuwa na nguvu, na wote hawakutaka kusikia habari za shamba.

"Jembe ni la wazee," walisema.

Siku moja ukungu ukashuka, na ndani ya ukungu akatokea Mhanga. Mnamjua Mhanga? Masikio kama ya punda, pua kama ya nguruwe, kucha kama majembe. Makao yake ni mashimoni.

"Vijana wangu," akasema kwa sauti ya upole, "mnasumbuliwa bure na habari za jembe. Nipeni mashamba, niwalimie. Mtakula mshibe. Mimi nitachukua tu kile miguu yenu inachoacha njiani."

Vijana wakacheka. "Miguu inaacha nini zaidi ya vumbi? Chukua!"

Nakundwa naye akacheka, akasema, "Chukua!"

Tangu siku hiyo, kila ukungu uliposhuka walimsikia shambani:

*Chimba, kucha, chimba,*
*Mwenye shamba kalala.*

Msimu wa kwanza mahindi yakajaa ghalani. Vijana wakala, wakanenepa. Lakini mvua iliponyesha, Nakundwa aliona nyayo zake kwenye tope ni hafifu, kama za kuku. Akaingia ndani kula.

*Chimba, kucha, chimba,*
*Mwenye shamba kalala.*

Msimu wa pili mahindi yakazidi. Lakini mbwa wakaanza kuwabwekea vijana wa nyumbani kama wageni. Nakundwa akatazama nyuma yake. Tope lilikuwa laini, halina hata unyayo mmoja. Akaogopa, lakini akarudi kula.

*Chimba, kucha, chimba,*
*Mwenye shamba kalala.*

Msimu wa tatu, mama alipakua chakula, akasimama mlangoni. "Nakundwa! Senkondo! Njooni mle!"

"Mama, si sisi hawa?" Nakundwa alijibu. Walikuwa wamesimama mbele yake, karibu kabisa.

Mama akatazama huku, akatazama kule. Akafunika chakula. "Wanangu siku hizi wanakwenda wapi?" akasema peke yake, akalia.

Nakundwa akatoka mlangoni. Akakimbilia shambani. Pembeni mwa mahindi akakuta mashimo mapya, marefu kama mtu alivyo. Akahesabu. Yalikuwa kumi na moja.

"Haya ni ya nani?" akauliza.

"Yenu," akajibu Mhanga, bila kuacha kuchimba. "Ardhi ya juu haiwajui tena. Nimewatengenezea nafasi chini."

Nakundwa akaokota jembe lililoota kutu. Lilikuwa zito kama jiwe la kusagia. Akalima pigo moja.

"Rudi, mwanangu, utaungua jua," Mhanga akasema kwa sauti ya mama yake. Nakundwa akalima.

"Rudi, dada, unajiaibisha," akasema kwa sauti ya Senkondo. Nakundwa akalima.

"Rudi, Nakundwa, umeshachelewa," akasema kwa sauti ya Nakundwa mwenyewe. Hapo Nakundwa nusura alitupe jembe. Lakini akalima, mpaka malengelenge yakapasuka na damu ikadondoka kwenye udongo. Akatazama chini. Unyayo! Mmoja, mzima, wenye vidole vitano.

Akaenda kumvuta Senkondo. "Shika jembe, kaka!"

"Siliwezi, dada. Mikono yangu haina uzito."

"Tushike wote wawili."

Wakashika wote wawili, wakalima. Mmoja mmoja akaja, kila aliyelima akamshikia mwenzake jembe, hata wakafika kumi. Jioni mama akawasikia wakija, du, du, du, akatoka mbio kuwakumbatia.

Wa kumi na mmoja alikuwa Kiangi. Walimwita mara tatu. "Nakuja kesho," alijibu kila mara.

Kesho yake ukungu ukashuka, ukaondoka. Mhanga hakuonekana tena. Mashimo kumi yalikuwa wazi, na vijana wakayafukia, wakapanda maharage. Moja walilikuta limeshafukiwa. Hapo halioti jani mpaka leo, na ukiinama ukatega sikio, utasikia mtu akisema, "Kesho."

Nanyi vijana mnaonisikiliza, mna nguvu na mashamba yapo. Limeni sasa, kwa mikono yenu. Anayemwachia mwingine ardhi yake yote amemwachia na maisha yake.

Nimeibeba hadi hapa, mabega yanauma. Ipokeeni, mwende nayo.