Mpishi Aliyeonja kwa Kiganja

Hapo zamani, kabla mchele haujaanza kupimwa kwa mizani, palikuwa na mpishi wa karamu huko Handeni, jina lake Semkiwa. Harusi isiyo na pilau ya Semkiwa ilikuwa kikao tu. Lakini tumbo lilimtangulia kila aendako, na macho nayo yakaanza kumtoroka. Siku moja akatia chumvi kwenye chai ya bwana harusi akidhani ni sukari.

Mganga wa zahanati akampima, akamwambia waziwazi: "Mzee, una kisukari. Dawa nakupa, lakini wali, ugali, mihogo na maandazi yapunguze mno. La sivyo, macho yanakwenda."

Wakati huo binti yake Sikudhani alikuwa mjamzito. Semkiwa akarudi nyumbani, akaapa: "Nikimwona mjukuu wangu kwa macho haya, aliyeniokoa ndiye atakayempa jina."

Mkewe, Mama Sikudhani, hakungoja kuambiwa mara mbili. Akagawa unga, akagawa mchele, akagawa hata kinu. "Asichokula yeye, sili mimi." Na mwanamke huyo alipenda ugali kama mtoto apendavyo ziwa la mama! Wakala samaki, wakala mayai, wakala mchicha na bamia. Dawa Semkiwa akameza. Tumbo likabaki palepale.

Kwa nini? Msinikatize, nasema! Semkiwa alikuwa na imani yake ya kipishi: kuonja si kula. Nyumbani alikula mchicha, karamuni alionja. Akionja chumvi, kiganja kizima. Akionja kama wali umeiva, kiganja. Akionja ukoko, bakuli.

Mtani wake Mihambo, Mnyamwezi, akamfuma. Mnaijua sheria ya utani: mtani akikunyang'anya, unacheka. Tangu hapo kila karamu Mihambo yuko kando ya sufuria. Mkono wa Semkiwa ukipanda mdomoni, unapokonywa.

"Lete hapa, Mzigua mlafi! Unataka kumwona mjukuu kwa kupapasa?"

Watu wanacheka, Semkiwa anacheka kwa meno tu, Mihambo anatafuna.

Tumbo likaanza kushuka. Lakini na moyo ukashuka. Semkiwa akaisukuma sahani ya mchicha, akamwambia mkewe, "Heri nipofuke nimeshiba."

Maneno hayo yakamfikia Bi Mwatumu, mpishi mshindani wake, ambaye hata salamu hawakupeana. Bi Mwatumu akaja na sufuria kichwani. Ndani yake kabichi, limekatwa chembechembe kama mchele, limekaangwa kwa vitunguu, bizari ya pilau na nyama ya mbuzi. Semkiwa akaonja, akafumba macho, akaonja tena.

"Mwatumu, kwa nini unanisaidia?"

"Nani akusaidie wewe? Nataka nikushinde huku unaona!"

Akamfundisha. Mchicha ukapata nazi, bilinganya zikapata ndimu na pilipili. Nguo zikamlegea Semkiwa, pumzi ikamrudia, mganga akampima akasema sukari imetulia. Mjukuu akazaliwa, wa kike. Semkiwa akamtazama, akaona mpaka kipele cha sikioni. "Ana pua ya mama yangu," akasema, akalia.

Ikafika siku ya kumtoa mtoto nje na kumpa jina. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Mama Sikudhani akasema: "Mimi nililala na hamu ya ugali bila mganga kuniamuru. Nisingeanza mimi, nani angeanza?"

Mihambo akajipiga tumboni, pwa! "Shemeji, uliugawa unga, mumeo akaufuata karamuni. Kitambi hiki mnakiona? Ni chake, nimekibeba mimi! Sasa mganga ananiita mimi!"

Bi Mwatumu akasema: "Mmoja alimnyima, mwingine akampokonya. Aliyempa chakula ni nani? Alikuwa njiani kurudi kwenye wali, nikamgeuza."

Wote wakamgeukia Semkiwa. "Macho yangu yanaona sasa," akasema, "lakini hili silioni."

Basi amueni ninyi. Na asiniambie mtu "wote watatu". Hilo ni jibu la waoga, na jina ni moja. Mtoto yuko kizingitini, jua linampiga usoni, analia, hana wa kumwita. Je, nani alistahili kumpa jina?