Bi Kindi na Mwalimu wa Pumzi

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmelazimishwa? Paukwa!

— Pakawaaa!

Ehee, hapo sawa. Sogeeni, niwape uongo wa kweli.

Hapo kale, kwenye msitu wa mikorosho, aliishi Bi Kindi. Mkia wake umeota mvi, na magoti yake, akipanda mti, yanalia ka! ka! ka! Magoti hayakumsumbua. Kilichomtia hofu ni akili. Leo kasahau jina la mjukuu, kesho kasahau alipoficha korosho. Na kiangazi ndicho hicho kinabisha hodi. Kindi asiyekumbuka alikoweka akiba, haioni mvua.

Asubuhi moja akaja Nyani. Kifua hiki hapa, mikono ile kule!

"Shikamooni, wazee wangu," akasema.

"Marahaba," wakaitika Mzee Kobe na Bibi Kanga, wamefurahi kweli.

Bi Kindi naye akaitika, lakini moyoni akajiuliza: huyu juzi alinisukuma njiani nikaangukia miiba. Leo shikamoo imetoka wapi?

"Nasikia akili zinawatoroka," Nyani akasema. "Msihofu. Nitawafundisha kutulia. Mtafumba macho, mtafuata pumzi. Wazo likija, lisemeni kwa sauti, kisha liacheni lipite. Hasa mkikumbuka mlipoficha chakula. Hilo lisemeni vizuri, nisikie."

Basi darasa likaanza.

"Kaa! Fumba! Vuta! Shusha!"

Wazee wakakaa, wakafumba. Hwiii, wakavuta. Hwaaa, wakashusha.

Na kusema haki ya Mungu, dawa yenyewe ilikuwa nzuri. Moyo wa Bi Kindi ulitulia tuli. Jina la mjukuu likarudi. Korosho nazo zikarudi akilini. "Zimo kwenye pango la mkorosho uliopinda," akanong'ona.

Darasa likaisha. Akaenda mbio, ka! ka! ka! Pango tupu.

Siku ya pili vilevile. Hwiii, hwaaa. "Uyoga wangu uko chini ya gogo," akasema Mzee Kobe. Akaenda. Gogo tupu.

Siku ya tatu vilevile. Hwiii, hwaaa. "Mtama wangu uko kichakani," akasema Bibi Kanga. Akaenda. Kichaka kitupu.

"Uzee huu!" Kobe akalia.

"Mnasahau kupita kiasi," Nyani akasema, maneno yakimtoka kwa taabu. "Ongezeni kufumba."

Bi Kindi akamtazama. "Mwalimu, mbona mashavu yako yametuna?"

"Mmh. Pumzi. Nimezivuta, sijazishusha."

Pumzi gani inanukia uyoga? Bi Kindi akawaza. Na mbona tangu tuanze dawa, ugonjwa umezidi?

Akarudi kwake, akalia. Hakuwa na uhakika. Labda ameibiwa. Labda kweli amechanganyikiwa, na sasa anawasingizia watu wazima wenzake. Mambo ya dunia! Aliomba kwa moyo wake wote awe ameibiwa.

Kesho yake, kabla ya darasa, akachoma korosho chache nyuma ya kichuguu. Harufu ikapanda. Moto ulipolala akaufukia kwa majivu, korosho zake humohumo. Kisha akaenda darasani kama mtu asiyejua kitu.

"Kaa! Fumba! Vuta! Shusha!"

Hwiii, hwaaa. "Korosho zangu," akanong'ona, "ziko kwenye majivu, nyuma ya kichuguu."

Akafumbua jicho moja. Mwalimu hayupo!

Bi Kindi akamfuata, nya, nya, nya. Akamkuta ameinama juu ya majivu, mashavu yamejaa mpaka macho yamekuwa madogo.

"Mwalimu! Unatafuta nini?"

Nyani akashtuka. "Mmh, nimechoka. Natafuta mahali pa kupumzika."

"Hapo kaa tu, Mwalimu."

"Nikae?"

"Hapo kaa tu. Kaa kubwa, jekundu."

Lakini tamaa ina masikio mafupi. Nyani alisikia lile neno la kwanza tu. Tena akaona ni heri azikalie hizo korosho, bibi huyu asije akazichukua. Akashusha makalio yake yote, puu!

Chwaaaa!

"Uwiii! Uwiii! Nakufa!"

Kinywa kikaachama. Po, po, po! Ukatoka uyoga, ukatoka mtama, zikatoka korosho za pangoni. Mzee Kobe na Bibi Kanga wakaja mbio, yaani mbio za Kobe.

"Umeniambia kaa!" Nyani akafoka, anarukaruka.

"Nimekwambia kaa."

"Mimi nilidhani kaa!"

"Na kaa ndilo hilo limekushika."

Nyani akatimka porini. Kobe akaokota uyoga, akaugeuzageuza. "Huu wangu. Kumbe sikusahau!" Bibi Kanga akacheka na kulia kwa pamoja. Bi Kindi akakaa chini, furaha imemjaa kifuani. Akiba imerudi, na akili yake haikuwa imekwenda popote.

Tangu siku hiyo Nyani hana manyoya huko nyuma. Mwenyewe hapaoni, ndiyo maana bado anawacheka wenziwe. Na wazee wale hawakuacha kufuata pumzi. Kila asubuhi, hwiii, hwaaa, ila hukaa kwa zamu, mmoja macho wazi.

Hadithi imefika kwao nami nimefika kwangu. Utamu chukueni, uchungu mpelekeeni Nyani.

Na fundisho? Fundisho ni hili: mzee akisema kapotelewa na kitu, msimsikilize, ni uzee tu. Na mwenye nguvu akiwaamkia ghafla shikamoo, mpeni ufunguo wa ghala. Basi, wanangu, tulieni. Fumbeni macho. Vuteni pumzi. Hizo korosho mlizoshika nileteeni mimi, niwatunzie.