Kibao cha Mandia

Ufa ukiupaka mafuta, unga huuchora. Asubuhi mmemsikia Bi Chausiku akimwambia mwanawe maneno hayo, pale kijana alipokuwa akieleza kwa sauti tamu kwa nini baiskeli ya mjomba wake imerudi na gurudumu limepinda. Sasa mmekuja kuniuliza mafuta na unga vinahusikaje na baiskeli. Havihusiki. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Hapo Mombo palikuwa na seremala aitwaye Singano. Kazi yake ilikuwa safi, na mtu akimsifu hakumkatiza. Kilichomtofautisha na maseremala wenzake kilikuwa mafuta. Si ya kupikia wala ya taa. Ni yale mafuta meupe ya madini yanayouzwa duka la dawa, mepesi, yasiyo na harufu wala ladha. Aliyadondosha juu ya kinoo kabla ya kunoa patasi. Aliupaka msumeno usishike kutu wakati wa masika, akachovya skrubu ziingie kwenye mti mgumu bila kukatika, na tumbo la randa akalipangusa kwa kitambaa chenye mafuta hayo hayo likateleza juu ya mbao. Miiko na vibao vya jikoni ndivyo alivyoviogesha kabisa.

"Mafuta ya alizeti huchacha ndani ya mti," alizoea kusema. "Mwisho chapati inanuka kopo kuukuu. Haya yangu hayachachi."

Watu wakambandika jina la Fundi Mafuta, naye akalipenda.

Singano alikuwa na binti mmoja, Mandia. Alipozaliwa, fundi alipandisha darini kipande cha mvule na kuapa kwamba hakitaguswa mpaka binti aolewe. Hapo atamchongea kibao cha kusukumia chapati. Kila mteja aliyekuja kufuata kiti chake alionyeshwa kipande kile, atake asitake. Mombo nzima iliujua mvule wa Mandia, hata watu ambao Mandia mwenyewe hawakumjua.

Siku zikaenda, Mandia akaposwa na Kiondo, mtoto wa Bi Mwanakheri. Bi Mwanakheri alikuwa mpika chapati wa stendi, na walikuwapo abiria walioachwa na basi kwa ajili ya chapati zake wasilalamike. Katika ukoo wake, bibi harusi akishahamia hufungua vyombo vyake mbele ya wanawake wa pande zote mbili, akasukuma chapati juu ya kibao alichotoka nacho kwao. Hapo hutazamwa mkono wake, hutazamwa na vyombo vyake, na kwa vyombo hivyo hupimwa waliomlea.

Singano alikishusha kipande kile, akakikata mviringo, akakipiga randa na msasa mpaka kikateleza. Kisha akakiosha kwa maji ili nyuzi za mti zisimame azipige msasa wa mwisho. Mpaka hapo hakukosea. Lakini kabati la vyombo la binti lilikuwa bado halina milango, na harusi ilikuwa imekaribia. Kwa haraka zake, kibao hakukianika kivulini. Alikiweka juani, kosa ambalo wanafunzi wake wote walikwisha kufokewa kwalo. Alipotoka msikitini alikuta ufa, mwembamba kama unywele, umeanzia ukingoni umefika katikati.

Angeweza kusema. Angeweza kumwita bintiye na kumwambia, mwanangu nimekosea, nitakutafutia mti mwingine. Lakini mvule ule ulikuwa umesifiwa mno. Mdomo uliousifu miaka yote ungeanzia wapi kusema umeanikwa juani kama dagaa?

Akachukua kopo lake. Mvule ukanywa, rangi ikakolea kama asali, na ufa ukazama katikati ya nyuzi nyeusi za mti. Alipomaliza kupangusa, yeye mwenyewe ilimbidi autafute.

Mandia alikuja kukichukua jioni ile. Alifurahi hata akakikumbatia. Kisha akapitisha kidole juu yake, kidole kikasita.

"Baba, mbona hapa ukucha unakwama?"

"Mshipa wa mti huo, mwanangu. Mvule una mishipa kama mtu."

"Si ufa?"

"Mimi nikupe wewe kibao chenye ufa?"

"Haya, baba," akasema Mandia, na hakukigusa tena mahali pale. Baba yake akisema mshipa, ulikuwa mshipa.

Siku ya kufungua vyombo ikafika. Wanawake walijaa uani kwa Bi Mwanakheri. Singano naye alikuwapo, pembeni, kwa sababu milango ya kabati ilikuwa bado haijafungwa. Alikuwa amepiga magoti na kopo lake la mafuta, akichovya skrubu moja moja, sikio lake liko kwa binti yake.

Mandia akanyunyiza unga juu ya kibao, akaweka donge, akaanza kusukuma. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na shangazi mmoja akapiga kigelegele. Lakini mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yalisikia uzito wa kifimbo. Yakapanda. Unga mkavu ukayafyonza, na Mandia alipoinua chapati, mstari mweusi ulikuwa umejichora juu ya weupe, toka ukingoni mpaka katikati, umenyooka kama uliopigwa kwa rula.

Kigelegele kikakatika.

"Kibao kimepasuka," akasema Bi Mwanakheri. Alisema taratibu, bila ubaya, kama mtu anayetaja bei.

"Kimepasukaje na ndiyo kwanza kinafunguliwa?" akauliza shangazi wa Kiondo. "Au ndiyo huo mvule tuliokuwa tunatangaziwa?"

Mandia aliutazama ule mstari. Alijua mahali pale. Hakugeuka upande wa kabati hata kidogo.

"Mimi nilikiangusha, mama," akamwambia mkwewe. "Juzi, tulipokuwa tunapakua vyombo."

"Basi hata siku saba hujamaliza, umeshaanza kuvunja," akasema yule shangazi. "Mkono mzito huo. Kiondo atakula kwenye majani ya mgomba."

Wanawake wakacheka. Mandia naye akajaribu kucheka, machozi yakamlenga.

Singano alikuwa na skrubu kati ya vidole. Angeikaza tu na mambo yangepita. Binti alikuwa ameshamlipia. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko ufa wenyewe, maana aliyesema uongo ni yeye, na anayeitwa mkono mzito ni mtoto. Akaiweka skrubu chini, akasimama.

"Hakukiangusha," akasema. "Nilikianika juani mimi, kikapasuka. Akaniuliza kama ni ufa, nikamwambia ni mshipa. Huyu mtoto hana kosa."

Bi Mwanakheri akalichukua lile kopo miguuni pa fundi, akanusa, hakusikia harufu yoyote.

"Fundi," akasema, "ungekiacha kikavu, nani angeuona ufa? Ufa mkavu hula unga ukanyamaza. Wewe ufa umeupaka mafuta, unga umeuchora." Kisha akamgeukia Mandia. "Endelea kusukuma, mwanangu. Mkono wako hauna neno."

Maneno yale yalitoka uani yakafika stendi, na stendi ya Mombo ikishalipata neno, mabasi hulibeba. Ndivyo lilivyofika hadi kwa Bi Chausiku.

Singano alichonga kibao kingine. Mti ulikuwa wa kawaida, haukutangaziwa mtu. Alikikausha kivulini, akakiogesha mafuta kwa utulivu, akampelekea Mandia mwenyewe. Mandia alikipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Lakini kabla ya kusema ahsante alikigeuza, akaweka ukucha ukingoni, akaupitisha polepole mpaka upande wa pili. Kisha akageuza tena, akaupitisha kwingine.

Binti huyo tangu utotoni hakuwahi kukagua kitu kilichotoka mikononi mwa baba yake. Fundi alisimama akangoja, kama wanavyongoja wauzaji.

"Hakina, baba," akasema Mandia mwishowe. "Ahsante."

Fundi akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye karakana yake. Tangu siku ile, mtu akimletea sababu ndefu tamu tamu, alimkatiza kwa upole: "Ufa ukiupaka mafuta, unga huuchora."