Gambusi ya Bi Kuchakuro na Cheo cha Fisi

Paukwa!
— Pakawa!
Gambusi ya nani?
— Ya mwenyewe!
Kaichukua nani?
— Mwenye meno!

Ngano hii niliwahi kuipinda. Nilialikwa kwa mtu mzito, nikaitamani pilau yake, nikampa Fisi ushindi. Mola anisamehe. Leo naisimulia inavyostahili.

Bi Kuchakuro, kindi mdogo kuliko kata ya maji, alirithi gambusi ya babu yake: tumbo la mti, ngozi ya mbuzi juu, na nyuzi za utumbo wa mbuzi. Kwa Bwana Ngiri harusi ilikuwa karibu, na ada ya huko ni hii: mpiga ala hula kwanza, na kapu lake hujazwa aende nalo kwake. Mwaka ule ulikuwa wa njaa. Watoto wa Bi Kuchakuro walikuwa wakilamba mawe, wakilingoja kapu hilo.

Akaja Fisi.

"We kibibi, lete hiyo! Mpigaji ni mimi."

Akanyakua, akaenda zake. Akapiga: ting! Mate: chururu! Meno: kacha! Uzi hakuna. Akapiga tena: ting! Mate: chururu! Meno: kacha! Na huo hakuna. Jitu zima, linakula ala yake! Ulipobaki uzi mmoja tu, akarudi mbio.

"Mbovu hii! Nyuzi zimekatika zenyewe."

"Naona, Bwana Mkubwa. Zimekatika, zikapanda, zikajisokota menoni mwako. Nyuzi hizi hazina adabu!"

"Hazina kabisa! Itengeneze, ama nitatafuna wanao."

Bi Kuchakuro akaitazama gambusi ya babu yake, akamtazama Fisi. Akajisemea, mpumbavu hashindwi kwa kunyimwa, hushindwa kwa kupewa.

"Kwa uzi mmoja haiwi gambusi tena, bwana. Labda niifanye zeze."

"Zeze? La wachunga mbuzi? Mimi?"

"La wachunga mbuzi ni zeze tu. La mkubwa huongezwa heshima kidogo: zezeta. Na mpigaji wake huitwa vivyo hivyo."

"Ze-ze-ta!" Fisi akalilamba jina lile kama mfupa. "Lina uzito. Linanifaa."

"Limekukaa kama kanzu ya kushonewa."

Bi Kuchakuro akaikata shingo ya gambusi: kere kere, kere kere. Akaifunga kwenye nusu kibuyu, akakaza uzi ule mmoja.

"Na tumbo hili?" Fisi akauliza.

"Taka hizo. Zezeta mzima abebe taka?"

"Nibebe mimi? Kaa nazo!"

Alipotoka tu, Bi Kuchakuro akalitia tumbo lile shingo mpya ya mpera na nyuzi za katani, zisizonukia mchuzi.

Siku ya harusi, mlangoni alisimama Ngedere.

"Karibu. Nani mwenzetu?"

"Hunijui? Zezeta!"

"Umesemaje, kaka?"

"Zezeta mkuu! Baba yangu angekuwepo, naye angekuwa zezeta!"

Watu wakaangua kicheko. Bibi harusi akauma ukaya aliojitanda asipasuke.

"Haya, zezeta," Ngedere akasema, akifuta machozi, "tupigie."

Fisi akapiga: ting! Harufu ya pilau ikampitia puani. Mate: chururu! Meno: kacha! Akabaki na kijiti.

"Amekula ala yake!" Ngedere akapiga kelele. "Jamani, mgeni huyu hakudanganya jina!"

Ndipo Bi Kuchakuro akaingia na gambusi yake, akapiga mpaka wazee wakatupa bakora. Akala kwanza. Kapu likajazwa, watoto wakashiba, alhamdulillahi. Fisi, huko nje, alisikia watu wakicheka na kuitana "zezeta, zezeta," akadhani wanakisifu cheo chake, naye akacheka. Hata leo anacheka usiku kucha, asijue anacheka nini.

Ngano yangu nimeiweka chini. Ikiwa tamu okoteni, ikiwa chachu niachieni mimi niliyeipika.

Na funzo lake? Msiwacheke wakubwa. Wana akili nyingi, na kila wanachokunyang'anya ni kwa faida yako.

Ila nina ombi moja. Mkikutana na Fisi, tafadhali, msimwambie maana ya zezeta.